Betri ni amana

Je, aliyenunua kitu amenunua na haki ya kukiharibu? Ni swali la msikitini na kanisani, lakini kuanzia Shinyanga hadi Geita, ambako umeme ni wa kununua kwa luku na betri mpya ni ghali, linamhusu pia mwenye kompyuta mpakato.

Betri ya lithiamu huchakaa upesi ikikaa imejaa muda mrefu, hasa penye joto. Anayetumia Linux anaweza kuiwekea ukomo: kwenye mashine zinazokubali, kama ThinkPad nyingi, anaandika 80 katika faili liitwalo charge_control_end_threshold, na chaji ikifika hapo inakoma. Usingizi wa mashine una faili lake, mem_sleep. Ndani yake husomeka aina za usingizi, s2idle na deep, na unaotumika umewekwa kwenye mabano. Deep kwa kawaida hula umeme kidogo zaidi, ila mashine nyingi za sasa hutoka kiwandani bila huo, na hapo mwenye mali hana la kuchagua.

“Nimelipia, ni changu.” Kisheria ni kweli. Lakini Uislamu huihesabu mali kuwa amana na kukataza israfu hata katika halali, na Ukristo humwita mwanadamu wakili atakayetoa hesabu. Tena betri nyingi zina kobalti, na sehemu kubwa ya kobalti ya dunia huchimbwa Kongo, pande za Kolwezi, ambako Kiswahili ndiyo lugha ya mtaani. Mchimbaji wa Geita hahitaji kusimuliwa jasho hilo.

Pingamizi zito liko kwingine. Umeme ukikatika jioni, ile asilimia 20 iliyoachwa ndiyo ingemaliza kazi. Kujinyima huko kuna thawabu gani?

Wasukuma walikwishalijibu kwa ngitili, malisho yanayofungwa masika na kufunguliwa kiangazi. Mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga), ulioanza mwaka 1986, uliutegemea utaratibu huo, na zaidi ya hekta 300,000 zikarudishiwa uoto. Dagashida, baraza la wenyeji, ndilo lililosimamia sheria zake. Aliyefunga ndiye aliyefungua.

Hapo ndipo kujizuia kunapotofautiana na kuzuiwa. Kiwanda kikiamua peke yake, mwenye kompyuta hana wema wowote wa kuhesabiwa. Faili likiwa wazi, uamuzi ni wake na hesabu ni yake. Kwa hiyo, msomaji, kama mashine yako inakubali, andika 80 leo. Ukisikia tangazo la kukatika kwa umeme, andika 100.