Adui Anayesema kwa Sauti Yako



Sifa zote njema ni za Allah (SW), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (SAW), aali zake na maswahaba zake. Amma baad.

Ndugu zangu katika imani, mimi nasoma kilimo, basi mniwie radhi nikianza na jani la mnyanya. Jani lina matundu madogo mno, stomata, ambayo kwayo hewa huingia. Mmea hauwezi kuyafunga daima, utakufa njaa. Mlango uko wazi mchana, na juu ya jani yupo bakteria aitwaye Pseudomonas syringae anayetafuta pa kuingilia.

Allah hakuuacha mmea bila mlinzi. Bakteria huyu huogelea kwa mkia wa protini, na mmea una kipokezi kinachotambua kipande cha protini hiyo chenye amino asidi 22 tu. Kikishatambuliwa, matundu hufungwa. Hauna jicho wala ubongo, lakini unamjua adui kwa mkia wake. Subhanallah!

Mwaka 2006 Maeli Melotto, Sheng Yang He na wenzao, huko Marekani, walionyesha kinachofuata, wakitumia mmea mdogo wa jamii ya kabichi, Arabidopsis. Matundu yalifungwa, kisha baada ya saa chache yakafunguka tena. Bakteria hakuvunja mlango. Alitoa kemikali iitwayo koronatini, inayofanana mno na homoni ya mmea wenyewe, jasmoneti, ambayo mmea huitumia unapotafunwa na viwavi. Mmea ukadhani umejisikia wenyewe. Ukajiandaa kupambana na kiwavi asiyekuwepo, ukalegeza kinga ya asidi ya salisiliki ambayo ndiyo hasa ingemzuia bakteria, na mlango ukaufungua wenyewe. Bakteria wasioweza kutengeneza koronatini walishindwa kuyafungua matundu. (Mnyauko wa migomba uliotambuliwa Uganda mwaka 2001 ni habari nyingine, ule huingia zaidi kwa maua na kwa panga zetu chafu.)

Someni kisa cha Adam na Hawa katika Surat Al-A'raf. Iblisi hakuwaambia wamuasi Mola wao. Aliwaapia kwamba anawatakia mema.

Muhula uliopita, katika kundi moja la WhatsApp la ndugu zetu, ulipita ujumbe wa kuuza maswali ya mtihani kabla ya siku yake, bei nafuu kwa "ndugu". Chini yake iliwekwa aya ya pili ya Surat Al-Maida, sehemu inayoamrisha kusaidiana katika wema na ucha Mungu. Sehemu inayofuata, inayokataza kusaidiana katika dhambi na uadui, ilikatwa. Ungetoka kwa mlevi wa mtaani, nani angeufungua? Ulifunguliwa kwa kuwa ulikuja na salamu yetu na neno letu, ta'awun.

Na uadui upo. Yupo dada aliyekesha na daftari, wazazi wake wameuza ng'ombe kulipa karo, naye atashindwa na mnunuzi. Yupo mgonjwa ambaye kesho atapewa dozi na muuguzi aliyepita kwa njia hiyo.

Wapo wanaosema mhadhiri hakufundisha, mtihani wenyewe ni dhulma. Huenda ni kweli. Basi tuandike barua kwa mkuu wa kitivo, tutie saini sote. Lakini kumpiga mhadhiri kwa kumwibia dada yako, huko ni kupigana na kiwavi huku bakteria anaingia.

Mmea hauwezi kuuliza ujumbe umetoka wapi. Sisi tunaweza. Muulize aliyekutumia: aya inaendeleaje? Fedha zinakwenda kwa nani? Ungeutuma kama mhadhiri angekuwemo kundini? Mtume (SAW) ametufundisha kuwa dhambi ni jambo linalokukereketa kifuani nawe unachukia watu walijue.

Mitihani inakaribia. Nimezungumza na amiri wetu, naye yuko tayari kumsikiliza kwa siri yeyote aliyekwisha kulipa, kila siku baada ya Isha, na jina lake halitatajwa.

Wabillahi tawfiq.