CHA BURE NA THAMANI YAKE

Bismillahi Rahmani Rahim. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na sala na salamu zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), na Aali zake na Sahaba zake.

Amma baad. Ndugu zetu Waislamu, ni machache maneno yavutayo moyo wa mwanadamu upesi kama neno "bure". Mtu akiambiwa kitu ni shilingi 100, hukigeuza mkononi, akatazama kasoro zake, akaulizia na duka la pili. Akiambiwa ni bure, mkono hutangulia akili. Wataalamu wa Marekani walilijaribu jambo hili na kulieleza mwaka 2007. Waliweka chokoleti za namna mbili: nzuri kwa senti kadhaa, na ya kawaida kwa senti moja. Wengi wa wanunuzi wakachagua ile nzuri. Lakini ile ya kawaida ilipotolewa bure, wengi waliigeukia hiyo, wakaiacha iliyo bora. Basi aachaye kupima haachi kulipa. Hulipa bila ya kujua.

Wala mtu asifahamu kuwa twaiharimisha hadiya. Mtume (S.A.W.) alikuwa akipokea hadiya na akilipa kwa hadiya. Jirani akikuletea sahani ya bokoboko, nawe ukairudisha sahani na kitu ndani yake, hiyo ni ada njema. Atoaye wamjua, na atakacho wakijua, nacho ni mapenzi. Tunalolihofia ni lile pato ambalo mwenye kulitoa ameficha atakacho.

Je, tutapambanuaje baina ya haya mawili? Mtume (S.A.W.) ametuwekea mizani. Alimtuma mtu wa kabila la Azd, aitwaye Ibn al-Lutbiyya, kwenda kukusanya zaka. Aliporejea aligawa mali mafungu mawili: hili lenu, na hili nimepewa mimi hadiya. Mtume akapanda juu ya mimbari akauliza mbele ya watu, kwa nini mtu huyu hakukaa nyumbani kwa baba yake na mama yake, tuone kama hadiya hiyo ingemfikia?

Zingatieni swali hili, maana halikuwa la wakusanya zaka peke yao. Kila upewapo cha bure, jiulize: lau nisingekuwa na hiki nilicho nacho, mtu huyu angenipa? Ikiwa jawabu ni la, basi hukupewa. Umenunuliwa kitu, na bei ameipanga yeye.

Sayyidna Umar bin Abdulaziz alilifahamu vyema hilo. Katika siku za ukhalifa wake alitamani matofaa, akaletewa sahani zake. Akalinusa moja, akayarudisha yote. Alipokumbushwa kuwa Mtume alipokea hadiya, alijibu kuwa kwa Mtume ilikuwa hadiya, ama kwa watawala wa baada yake ni rushwa.

Natutazame sasa mambo yetu. Mwaka 2023 maelfu ya watu walipanga safu huko Nairobi kupigwa picha ya mboni za macho kwa mashine ya Worldcoin. Kila mmoja aliahidiwa sarafu 25 za mtandaoni, zilizokadiriwa wakati ule kuwa kiasi cha shilingi 7,000. Wengi hawakujua picha ile yaenda wapi wala yatakiwa kwa kazi gani. Tarehe 2 Agosti serikali ikalisimamisha jambo hilo, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru habari zile za miili ya watu zifutwe, kwa kuwa hazikukusanywa kwa mujibu wa sheria. Neno la siri la simu likiibwa hubadilishwa. Jicho, je, utalibadilisha?

Na kila wakati wa uchaguzi hutujia leso, unga na noti mkononi. Uliza swali lile lile: mtu huyu alikuwa wapi miaka 4 iliyopita, ulipokuwa na njaa ile ile? Kura ni amana, na Mtume (S.A.W.) amemlaani mwenye kutoa rushwa na mwenye kupokea. Ukiisha kula cha mtu, ulimi huwa mzito kumwambia amekosa. Hiyo ndiyo bei: si shilingi, bali ni kunyamaza kwako miaka 5, barabara ikiharibika na hospitali ikikosa dawa.

Lakini enyi wenye mali, msiwacheke waliosimama katika safu zile. Aliyekosa chakula cha watoto hana nafasi ya kupima. Lau zaka ingetolewa kama ilivyofaradhiwa, ikapelekwa kwa siri nyumba kwa nyumba, wangepungua wa kuuza jicho au kura. Mnyonge wetu akinunuliwa, sisi tuliomwacha tuna fungu katika bei yake.

Na wewe uliye mhitaji, mkumbuke Sahaba Hakim bin Hizam. Alimwomba Mtume mara tatu, akampa. Kisha akamfunza kuwa mkono wa juu ni bora kuliko wa chini. Hakim akaapa asipokee kwa mtu baada ya hapo, na hata fungu lake katika hazina ya Waislamu, alilopewa na Abubakar kisha na Umar, hakulichukua mpaka akafa.

Mwenyezi Mungu atukinaishe kwa halali iliyo chache, na atuepushe na kila pato linalofunga ulimi. Amin.