Kutoa Chote

Katika Bonde la Teleki, Mlima Kenya, kwenye mita kama 4,000, kuna lobelia za aina mbili. Lobelia keniensis hukaa bondeni, penye tope na maji. Majani yake yamejipanga kama bakuli linaloshika maji. Usiku uso wa maji huganda, na kichipukizi kilicho chini yake husalimika. Lobelia telekii hukaa mteremkoni, kwenye udongo mkavu zaidi.

Mimea yote miwili hungoja miaka mingi kabla ya kuchanua. Wa bondeni una mashada kadhaa ya majani: lililochanua hufa, mengine hubaki, na mmea huchanua tena. Wa mteremkoni kwa kawaida una shada moja. Huchanua mara moja, hutoa mbegu nyingi kuliko mwenzake, kisha hufa. Mwaka 1990 mwanaikolojia Truman Young alieleza sababu: penye ukavu, safari ya kufikia ua la pili ni ndefu mno, na mimea michache huimaliza. Heri kutoa chote mara moja.

Nimeyasoma haya Msalato, nje ya mji wa Dodoma, ambako mvua ina msimu mmoja tu. Hapa bibi yangu aliuza shamba lake la pekee ili nimalize shahada ya kwanza. Baadaye ujenzi wa uwanja mpya wa ndege ukaanza, na bei ya ardhi ikapanda. Ukoo ukikutana humsifu: mzazi wa kweli hutoa chote.

Sifa hiyo hunisumbua. Je, tunasifu wema, au tunasifu ukame? Angekuwa na mashada mengine, yaani ng'ombe wawili, pensheni kidogo, akiba benki, angetoa na kubakiwa. Je, upendo wake ungekuwa mdogo?

Utaniambia mmea hauchagui, bibi alichagua; nikieleza wema wake kwa ukame, nimemnyang'anya. Hoja hiyo ina uzito. Lobelia haijui lolote. Bibi alijua bei ya gunia la mtama, alijua umri wake, akauza. Kwa hiyo wema ni wake. Ukame si wake, na hatuna haki ya kuupamba kwa jina lake. Jamii inayosifu sana waliotoa chote husahau kuuliza kwa nini hawakuwa na njia nyingine.

Yeye mwenyewe hajioni shujaa. Nilipomuuliza alijibu, "Mjukuu wangu, ningekuwa na mashamba mawili, ningeuza moja."

Tangu siku hiyo naliona deni langu kwa namna nyingine. Nikitoa chote na mimi, nitakuwa nimerithi ukame na kuurithisha. Ninachodaiwa ni kusogeza maji: anayekuja nyuma yangu aweze kutoa, kisha abaki hai, achanue tena.