Mtumishi Aliyeambiwa Asubiri

Wasomaji wetu wanakumbuka jinsi ugonjwa wa korona ulivyozima taa za hoteli nyingi mwaka 2020. Mgonjwa wa kwanza alitangazwa nchini tarehe 16 Machi. Mwezi Aprili ndege za abiria kutoka ng'ambo zikazuiwa, hata anga lilipofunguliwa tena tarehe 18 Mei. Mwaka 2019 wageni walioingia nchini walizidi 1,500,000. Mwaka 2020 walikuwa kama 620,000 tu. Iringa, ambako watalii hupita kwenda mbuga ya Ruaha, vitanda vilitandikwa pasipo kulaliwa. Mbeya hutegemea zaidi wafanyabiashara, semina na wasafiri wa njia kuu ya Zambia. Nayo mwezi Mei ikaona Zambia ikiufunga kwa muda mpaka wa Nakonde.

Lakini leo hatuandiki habari za ugonjwa. Twauliza hivi: mwenye hoteli anawiwa nini na mtumishi wake siku mgeni asipokuja?

Wako walioachishwa kazi waziwazi. Hao walipata uchungu, walakini walijua hali yao. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 humpa aliyetumika miezi 12 au zaidi kiinua mgongo cha mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka uliotimia, hata miaka 10. Si mali nyingi, lakini ni jambo lililo wazi. Wengine waliambiwa, "Nendeni nyumbani, tutawaita." Hawakufukuzwa, basi hawakuwa na la kudai. Hawakulipwa, basi kodi ya chumba ikalala. Wala hawakuthubutu kushika kazi nyingine, wasije wakaitwa wakakosekana. Mpishi alilala na simu kando ya mto, na mkewe akaogopa kumwuliza neno. Kwetu sisi, huyu ndiye aliyeonewa zaidi.

Wako wasemao, "Si warudi shamba?" Twadhani wasemaji hao hawajalima. Katika Nyanda za Juu Kusini mahindi hupandwa kwa mvua za Novemba na Desemba; afikaye kijijini mwezi Aprili hukuta ya jirani yamekwisha kubeba. Tena si kila mhudumu ana shamba.

Twajua vema kwamba mwenye hoteli naye alibanwa, kwani benki haisahau mkopo. Hatumdai mshahara asiokuwa nao. Lakini miaka vyumba vilipojaa, faida haikugawanywa jikoni. Mtumishi alipewa ujira wake, na ziada ikawa ya tajiri. Basi hasara ilipokuja, kwa haki gani ilianza kwa mtumishi?

Alichowiwa kwanza ni ukweli. Angeonyeshwa hesabu, zamu zingegawanywa, hata siku mbili kwa juma kwa kila mmoja, angetajiwa tarehe, na tarehe ikifika bila wageni, aachiliwe pamoja na haki zake. Sheria hiyo hiyo humtaka mwajiri ashauriane na watu wake kabla ya kuwapunguza. Mtu si kiti, afunikwe shuka mpaka msimu urudi.

Msimu umerudi: mwaka 2023 wageni walizidi 1,800,000. Wapo watumishi walioitwa. Wapo pia waliosubiri hata wakatambua wenyewe, pasipo kuambiwa na mtu, kwamba hawataitwa.