Tulipie Kalamu za Walimu Wetu

Wakala kijana wa forodha amesimama Kasumbalesa, mpakani mwa Kongo na Zambia. Lori la mahindi la bosi wake linangoja siku ya pili. Mtu anamnong'oneza: toa matabishi, yaani hongo kidogo, lori lipite saa hii. Bosi anapiga simu kutoka Lubumbashi, amekasirika. Hati zote ziko sawa. Afanye nini?

Hilo ni somo kamili la biashara. Lina gharama, mkataba, sheria na dhamiri. Lakini kijana huyo anaweza kusoma mpaka akahitimu bila kulikuta katika kitabu hata kimoja, ilhali Kasumbalesa iko kilomita tisini tu hivi kutoka mjini kwetu Lubumbashi. Tusikubali hali hiyo iendelee. Walimu wa kuandika masomo haya tunao. Wanachokosa ni muda uliolipiwa, na huo tunaweza kuwapa.

Kuhusu namna ya kufundisha, tujifunze kwa Wajesuiti, ambao walifungua shule yao maarufu ya Messina mwaka 1548. Mwaka 1973, kule Valencia, Padri Pedro Arrupe aliwaambia waliosoma shule zao kwamba elimu yao ni ya kumfanya mtu aishi kwa ajili ya wengine. Ualimu wao una hatua tano: mazingira, uzoefu, tafakari, tendo, tathmini. Angalieni kinachotangulia: mazingira. Huwezi kumfundisha Mlushua, mwenyeji wa Lubumbashi, maadili ya biashara kwa mifano ya Chicago peke yake. Na hapa Lubumbashi kipo Kituo cha Arrupe, cha utafiti na mafunzo, ambacho kimefuatilia mambo ya madini kwa miaka mingi. Utafiti wa namna hiyo unastahili kufika darasani, mbele ya wahasibu na mameneja wa kesho.

Visa vya kufundishia vimejaa mlangoni petu. Sheria ya Madini iliporekebishwa mwaka 2018, kampuni za uchimbaji ziliwekewa wajibu wa kutenga angalau 0.3% ya mauzo ya mwaka kwa maendeleo ya jamii inayozunguka mgodi. Kampuni ikiuza dola bilioni moja, hapo kuna dola milioni tatu. Nani anashika daftari? Nani anatia sahihi? Zabuni ya visima ikienda kwa ndugu wa mjumbe wa kamati, mhasibu aseme nini, na kwa ushahidi gani? Wape wanafunzi hesabu hizo, uone watakavyokesha!

Au chukua Februari 2025. Nchi yetu, inayotoa zaidi ya 70% ya kobalti ya dunia, ilisimamisha kuiuza nje ili kuinua bei iliyokuwa imeporomoka. Mwenye malori machache hapa Kampemba anabaki bila mzigo, na madereva wake wana watoto shuleni. Awaachishe kazi, au wagawane wote hasara? Chukua pia likelemba, yaani mchango wa kupokezana, ya akina mama wa soko la Kenya, hapa hapa Lubumbashi, ambao mtaji wao mkubwa ni kuaminiana. Mimi ningeanza na hao mama, maana wanajua mambo ya dhamana ambayo benki zetu bado zinajifunza.

Kazi hii haifai kufanywa na mtu mmoja chumbani mwake. Mchumi wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi aandike pamoja na padri wa Kituo cha Arrupe, mfanyabiashara asome na kusahihisha, kisha nakala ipelekwe kwa wenzao wa Chuo Kikuu cha Loyola, Kinshasa, na wa kituo cha Kijesuiti cha CERAP, Abidjan. Tangu 2012 Kongo imo ndani ya OHADA, yenye sheria za biashara na mfumo wa uhasibu unaotumika katika nchi 17. Kisa kilichoandikwa Lubumbashi kinaweza kufundishwa Douala bila kubadilisha hata jina la akaunti. Shule za Kijesuiti duniani tayari zina mkusanyiko wa pamoja, Global Jesuit Case Series. Katanga ijaze rafu yake humo.

Fedha sasa. Sote tunajua biashara ya silabasi, yaani maandishi ya somo ambayo mwalimu huwauzia wanafunzi: mwanafunzi anainunua huku akiogopa kwamba asiponunua, mtihani utamkaba. Hatuwezi kufundisha uadilifu kwa karatasi zinazouzwa namna hiyo. Mwalimu alipwe mapema kwa kazi ya kuandika, nauli ya kwenda mgodini na sokoni ilipwe, mfasiri wa Kifaransa na Kiswahili alipwe, kisha maandishi yatolewe bure kwa kila mwanafunzi.

Wewe uliyesoma katika shule za Wajesuiti, Alfajiri ya Bukavu au Boboto ya Kinshasa, na leo una kampuni Lubumbashi: lipia kisa kimoja. Ninyi wa migodini, lipieni kumi, bila kudai kusifiwa ndani yake. Wafanyabiashara wa Kamalondo na Ruashi, changeni kama mnavyochanga kwenye harusi, kisha fungueni madaftari yenu walimu wajifunze. Na siku kisa ulicholipia kitakapofundishwa, njoo darasani ukae na vijana. Wakikuuliza wewe ungefanyaje pale mpakani, wajibu.