Je, Ni Halali Kumwondoa Mwenyekiti Aliyetutendea Mema?

Swali hili tuliletewa na wenye nyumba wa mtaa mmoja hapa Nairobi, ambao wengi wao ni watu wa kanisa letu. Chama chao cha wakazi hakijafanya uchaguzi kwa miaka saba. Tangu wakati huo hesabu hazijasomwa hata mara moja, na ada ya kila mwezi imepandishwa mara mbili kwa waraka uliopitishwa chini ya milango. Mwenyekiti ni mzee wa kuheshimiwa, naye husali pamoja nasi. Sasa baadhi ya wenye nyumba wanakusanya sahihi ili kuitisha mkutano maalum na kuchagua viongozi wengine. Wenzao wanasema huo ni uasi, tena haumpasi Mkristo.

Kwa upande wa sheria hakuna shida. Sheria ya Vyama ya Kenya, Sura ya 108, inataka kila chama kilichoandikishwa kifanye mkutano mkuu angalau mara moja kwa mwaka, na wanachama waelezwe fedha zilizopokewa na zilizotumika. Kwa hiyo wenye nyumba hawaombi hisani, wanadai haki yao. Lakini jambo laweza kuwa halali kwa msajili wa vyama na bado likatendwa vibaya, na hilo ndilo linalotusumbua.

Maana mzee huyu hakuiba, kadiri tujuavyo. Waliohamia mtaani zamani wanakumbuka kwamba mabomba yalipokauka ni yeye aliyepita nyumba kwa nyumba akikusanya fedha za kuchimba kisima. Wezi walipozidi, ni yeye aliyehangaika mpaka lango likajengwa na askari wakaajiriwa. Katika miaka ya 1990, viwanja vya umma vilipokuwa vikinyakuliwa kila upande wa Nairobi, ni yeye aliyesimama mbele ya tingatinga, ramani mkononi, na uwanja wa watoto ukapona. Mama mmoja alituambia, "Nikitia sahihi karatasi ile, maji ya kisima nitayanywaje?"

Mama huyu asidharauliwe. Shukrani ni deni, na asiyelijua deni hilo hafai kupewa uongozi wowote. Lakini yatupasa kuuliza, deni hili tulilipe kwa kitu gani? Tukimwachia mzee kiti kwa sababu ya kisima, tunamlipa kwa mali isiyo yetu peke yetu. Kiti kile ni cha mjane anayetoa ada katika pensheni ndogo ya marehemu mumewe. Ni cha vijana walionunua nyumba juzi kwa mkopo, wasioliona tingatinga lile. Nani amemruhusu mtu kulipa deni lake kwa kuku wa jirani? Sisi tuliosaidiwa na mzee tuna njia nyingi za kumlipa: tumheshimu, tumtembelee akiugua, tuwasimulie watoto wetu aliyoyafanya. Kiti ni amana, hakikutolewa kama zawadi. Katika Kanisa letu askofu hustaafu afikapo umri wa miaka 65 hata akiwa bado ana nguvu, wala hatusemi kwamba ametukanwa.

Tumkumbuke Samweli. Katika sura ya 12 ya kitabu chake cha kwanza, amezeeka, ana mvi, wala hakuna aliyemshtaki kwa wizi. Hata hivyo anasimama mbele ya Israeli yote na kuwauliza ni ng'ombe wa nani aliyemtwaa, ni punda wa nani, yu tayari kurudisha. Hakungoja kukusanyiwa sahihi, wala hakuona kwamba kutoa hesabu kunampunguzia heshima. Mwenyekiti wetu angefanya hivyo miaka mitano iliyopita, huenda leo angechaguliwa tena kwa vifijo.

Lakini Biblia ina neno pia kwa wanaotaka kumwondoa. Wazee wa Israeli walipochoka na uongozi wa nyumba ya Samweli walimwendea mwenyewe Rama, wakamwambia usoni kwamba amezeeka na wanawe hawafuati njia zake. Neno hilo lilimwuma, na waliloomba lilikuwa na makosa yake, lakini alilisikia kutoka vinywani mwao. Absalomu alifanya vingine. Yeye aliamka mapema akasimama kando ya njia ya langoni, na kila aliyekuja na shauri alimwambia kwamba shauri lake ni jema ila kwa mfalme hakuna wa kumsikiliza. Yawezekana kwamba kweli hapakuwa na wa kumsikiliza! Lakini hatusomi mahali popote kwamba alimpelekea baba yake malalamiko hayo. Aliiba mioyo ya watu, na mwisho wake twaujua.

Nasi tuna lango letu. Jioni magari yanaposubiri kufunguliwa, watu huinama dirishani wakinong'ona kwamba mzee amejenga nyumba ya mawe huko kwao kwa fedha za ada. Nani ameona ushahidi? Kana kwamba mtu aliyefanya kazi miaka thelathini hawezi kujenga kwao! Anayesema hivyo Jumamosi, kisha Jumapili akampa mzee mkono wa amani, na ajichunguze kabla hajazikagua hesabu za chama.

Tena tukiri jambo moja. Katika ule mkutano wa mwisho, miaka saba iliyopita, ilibidi askari watumwe kugonga milango ili akidi itimie. Wengi wetu tulikuwa ndani tukitazama mpira. Funguo za pampu, kitabu cha benki na mihuri tulimwachia mtu mmoja kwa sababu ilitufaa asumbuke yeye. Sasa twashangaa kwamba amezizoea.

Shauri letu lilikuwa kwamba karatasi ya sahihi ingoje, na kwanza watu waende kwake kama Bwana alivyoagiza katika Mathayo 18. Wawili walikwenda, mama mmoja wa makamo na kijana mmoja. Mzee aliwakaribisha chai. Alipoelezwa alinyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Wanangu, kwa nini nimeyasikia haya kwa askari kabla ya kuyasikia kwenu?" Hawakuwa na jibu, wakamwomba radhi. Hakuahidi kujiuzulu, naye hawakumficha kwamba wao watampigia kura mtu mwingine. Alikubali kumpa mkaguzi vitabu, na tarehe ya mkutano akaiandika kwa mkono wake mwenyewe.

Mkutano utakuwa Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, saa nane mchana, katika ukumbi wa shule. Katiba ya chama hairuhusu mwenye deni la ada kupiga kura, kwa hiyo wanaodaiwa walipe mapema.