Je, Upole Ni Kungoja Mkuki?

Somo: 1 Samweli 18–20

Wapendwa, hata chuo kikuu, mahali pa wasomi, watu wanaonewa. Mhadhiri anaambiwa somo atakalofundisha usiku wa kuamkia darasa. Faili yake ya kupandishwa cheo inalala kwenye droo mwaka baada ya mwaka. Akiongea kwenye mkutano wa idara, anachekwa. Hakuna aliyempiga, lakini usingizi umepotea, tumbo linamchoma, presha imepanda. Mwaka 2018, watafiti waliofuatilia wafanyakazi wapatao 79,000 wa Denmark na Sweden waliripoti kwamba walioonewa kazini walipata magonjwa ya moyo na kiharusi zaidi ya wenzao.

Sasa swali: Mkristo akitendewa hivyo, anyamaze? Wengi wetu humwambia, "Vumilia tu, mwachie Mungu." Tunauita huo upole.

Hebu tumwangalie Daudi. Alikuwa akimpigia mfalme kinubi, akarushiwa mkuki. Hakuuokota amrudishie Sauli. Lakini pia hakubaki pale ukutani akingoja mwingine. Alikwepa, akatoroka, akaenda kumweleza Samweli, kisha Yonathani. Upole wake ulikuwa kukataa kulipiza kisasi. Haukuwa kukubali kuuawa.

Kwa hivyo kumwona daktari, kuandika tarehe na yaliyotendeka, kupeleka malalamishi kwa chama cha wafanyakazi, si kukosa imani. Kusamehe ni kuachilia chuki. Hakukulazimishi kuficha uovu.

Na sisi tunaoketi kwenye mkutano huo je? Sauli aliwaambia Yonathani na watumishi wake wote kwamba Daudi auawe. Hatusomi kwamba watumishi walisema lolote. Yonathani ndiye aliyemwendea baba yake akamtetea rafiki. Baadaye mkuki ulirushwa kwake pia. Ndiyo maana tunanyamaza: tunajua mkuki hugeuka. Woga huo ni wa kweli, na hauna aibu. Lakini anayeonewa huumizwa mara mbili: na aliyemdhalilisha, halafu na sisi tulioinamia simu zetu kana kwamba hatukusikia.

Na kama wewe ndiye mkuu wa idara, jichunguze: umeshika nini mkononi?

Wiki hii, mtafute mwenzako mmoja anayeonewa. Usimwambie avumilie. Muulize, "Siku hizi unalala?" Msikilize, omba naye. Kisha kwenye mkutano ujao, fungua kinywa.